Siku Kwaya Iliposhuka na Mabega Matupu

Wimbo hauteremshi mgonjwa. Hayo ndiyo maneno mliyoambiwa na mzee wa kanisa leo baada ya ibada, nanyi mmekuja kwangu na nyuso zimevimba kana kwamba mmetukanwa. Mliombwa mkamlimie bibi kizee wa kule bondeni shamba lake, mkajibu kwamba mtakwenda kumwimbia. Haya, kaeni. Mnataka kujua methali hii imetoka wapi. Haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa kijijini kwetu, na aliyeizaa alikufa siku hiyo hiyo.

Zamani hizo gari halikufika huku mlimani. Barabara iliishia chini, sokoni, na hospitali ilikuwa mjini, mbele zaidi. Mtu akizidiwa, alishushwa kwa machela: miti miwili ya mkaratusi na magunia yaliyoshonwa katikati. Machela yenyewe ilitundikwa ukutani kanisani, karibu na mlango, ambapo kila aingiaye na atokaye aliiona.

Desturi ilikuwa moja. Baragumu likilia, kila mwanamume mwenye nguvu anaacha alichoshika. Kama ni jembe, analiacha mtaroni. Kama ni ugali, anauacha kwenye sahani. Huulizi mgonjwa ni nani, wala anasali wapi, wala kama mmegombana naye kwa ajili ya mpaka. Wanne wanabeba, wanne wanafuata ili kuwapokea. Mpiga baragumu alikuwa baba yangu, Mzee Senkoro, na alilipuliza mara moja tu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mara mbili. Sisi Wapare tulikuwa na msaragambo wetu, kazi ya pamoja, kabla hatujaisikia Injili, na Injili ilipofika wazee waliifurahia desturi hii wakasema: msalaba una miti miwili na machela ina miti miwili, kwa hiyo tumeshajua pa kuanzia.

Basi kulikuwa na mwalimu wa kwaya aliyeitwa Elirehema. Sitampunja, alikuwa na sauti. Akiinua mkono, watu thelathini walikuwa kinywa kimoja. Tena alikuwa mtoto wa machela. Alipokuwa mdogo alishikwa na homa ya mapafu, mama yake mzazi akiwa kaburini, na aliyemkimbilia baba yangu kuomba baragumu lipigwe alikuwa Mama Nanzighe, mjane, msimamizi wake wa ubatizo. Ilikuwa wakati wa kuvuna mahindi. Wanaume wanane waliacha mahindi yao kwa nyani wakamshusha. Mama Nanzighe alitembea pembeni ya machela njia nzima akimfunika mvua kwa kanga yake. Ndivyo Elirehema alivyopona, akakua, akaanza kuimba.

Alikuwa na neno alilolipenda. Alilisema kwenye mazoezi, alilisema madhabahuni akipewa nafasi ya kusalimu: "Mungu hapendi uso wa kufiwa. Nikifurahi mimi, na Mungu naye anafurahi." Sikieni lilivyo tamu. Tena nusu yake ni kweli, na kwa nusu hiyo tulinaswa wote. Nani asiyetaka kuambiwa kwamba anachokitaka yeye ndicho Mungu anachokitaka?

Mwaka mmoja, Pasaka ilipokaribia, Elirehema alimwomba mwinjilisti kwamba wanaume wa kwaya wapumzishwe machela hadi sikukuu ipite, wasije wakaumia mabega na kuharibu sauti. Mwinjilisti akakubali. Sikukuu ikapita, kukawa na kanda ya kurekodi. Kanda ikaisha, yakaja mashindano. Mwisho hapakuwa tena na kuomba. Ikajulikana tu kwamba mwanakwaya habebi. "Kila mtu na karama yake," walisema. Kanisa lilikuwa linajaa, watu wanatoka vilima vya ng'ambo kuja kusikiliza, na wazee walipoona benchi zimejaa wakameza maneno yao. Lakini Elirehema alikuwa amechagua kwaya yake kwa vifua. Wanaume wenye vifua ndio wenye mabega. Waliobaki kwa machela walikuwa wazee na wenye pumu.

Ikafika Jumamosi ya mashindano ya jimbo, kule mjini. Kwaya ilikuwa imeshona suti za kijivu, na viatu walivifunga kwenye mifuko ya plastiki ili wavivae wakifika chini, maana mvua ilikuwa imenyesha na njia ni utelezi. Walikusanyika kanisani kulipopambazuka. Gari lilikuwa linawasubiri sokoni, liondoke saa tatu.

Wakiwa wanaomba, baragumu likalia.

Lilikuwa la Mama Nanzighe. Tumbo lake lilikuwa limefunga tangu Alhamisi, likawa gumu, hata maji hayapiti. Mganga wa zahanati alikuwa amesema wazi: akifika hospitali kabla ya jioni atapasuliwa na atapona, akilala hapa tena, msimlaumu mtu. Na nyumba yake ilikuwa kando ya njia ile ile ya kushukia. Kwaya haikuwa na pengine pa kupita.

Nilikuwa pale, msichana mkubwa niliyetoka kupata kipaimara, ninawasha moto wa kumchemshia maji. Niliwaona wakija katika suti zao wakasimama uani. Baba alikuwa ameshaileta machela kutoka kanisani kabla hakujapambazuka, ameilaza mlangoni. Akawaona, uso wake ukafunguka. Akasema, "Mungu ni mwema. Nilidhani mmekwisha kushuka."

Mmoja wao, Tumsifu, mwimba besi, alivua koti lake. Akamwambia Elirehema, "Mwalimu, tumchukue. Njia ni moja. Na sisi si tunakwenda huko huko?"

"Tukimbeba tutafika saa sita," Elirehema akajibu. "Gari litatusubiri mpaka saa sita?"

"Likituacha, limetuacha."

"Tumefanya mazoezi miezi yote hii ili likatuache? Na tukifika, tupande jukwaani na matope mgongoni, tunahema kama punda? Vaa koti, Tumsifu. Baragumu limelia, watu watakuja. Sisi tumpe kile Mungu alichotupa."

Wakaingia ndani, waliotosha. Wengine wakajipanga dirishani. Wakaimba.

Wanangu, mimi nimezeeka na nimesikia kwaya nyingi, lakini uimbaji ule sijausikia tena. Ulikuwa wimbo wa faraja, wa Bwana aliye karibu na waliovunjika moyo. Wanawake waliokuwa jikoni walilia. Tumsifu mwenyewe alilia. Mama Nanzighe alifumba macho na uso wake ukalegea, na nikaona kwamba kwa dakika zile maumivu yalikuwa yamemwacha. Walipomaliza, kila mtu aliona moyoni kwamba kitu kikubwa kimefanyika. Elirehema alikuwa anang'aa. Alikuwa na furaha, na aliamini kabisa kwamba na Mungu anayo.

Mama Nanzighe akafumbua macho. "Asanteni, wanangu," akasema. "Mmeimba vizuri. Haya, sasa ninyanyueni."

Hakuna aliyesogea.

Aliwatazama mmoja mmoja. Alidhani hawakumsikia, akarudia kwa upole, "Ninyanyueni, nimeshajifunga kanga. Niko tayari."

Elirehema akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama," akasema, "leo ni siku yetu. Mzee Senkoro ameita, wenye kubeba wako njiani wanakuja. Sisi tunawahi gari. Tukishinda, kombe tutakuletea hapa hapa kitandani pako, ulishike kwa mikono yako."

Mama Nanzighe aliishika kanga yake. Kisha akasema, "Siku uliyoshushwa wewe hakuna aliyeimba. Walihema tu."

"Mama, usiseme hivyo. Tumekuombea."

"Nimesikia. Lakini wimbo hauteremshi mgonjwa, Elirehema." Akageuza uso wake ukutani.

Wakaondoka. Nilitoka uani nikawatazama wakiteremka kwa mstari, suruali zimekunjwa, mabega matupu, wanaume wale wote wenye nguvu, kwenye njia ile ile, kwenda mji ule ule wenye hospitali ile ile. Walipofika kwenye migomba wakaanza tena kuimba ili kujipa moyo. Baba alishika baragumu akalipuliza mara ya pili. Hakuwahi kufanya hivyo. Akalipuliza mara ya tatu, na alipolitoa mdomoni alikuwa analia. Sikuwa nimewahi kumwona baba yangu akilia.

Waliokuja walikuwa wazee watatu. Wanawake hawakuwa wakibeba machela kwetu, ilikuwa mwiko, lakini mama yangu alijifunga kanga kiunoni akaweka bega, na wengine wakamfuata. Tulibeba kwa kupokezana, mimi nikiwemo. Tuliteleza, tulipumzika, tukabeba, tukapumzika. Mama Nanzighe hakulalamika. Kila tulipomtua alisema, "Poleni, nimekuwa mzito." Jua lilipokuwa kichwani hatukuwa tumefika hata nusu ya njia. Tulipofika yale mawe makubwa ambapo wabebaji hubadilishana mabega, aliomba tumtue. Akaomba maji ya kulowesha midomo. Mama yangu alipoinama kumpa, alikuwa ameshakwenda.

Maiti haipelekwi hospitali. Tulimfunika, tukakaa naye pale kwenye mawe kupata nguvu ya kumpandisha, na nguvu hazikuja. Jua likaanza kuinama.

Ndipo tulipousikia wimbo. Ulitokea chini, ukapanda polepole, ule ule wa asubuhi. Kwaya ilikuwa imeshinda. Elirehema alitokeza wa kwanza kwenye kona, kombe ameliinua juu, linameta. Akatuona. Akaiona machela, akaona kanga iliyofunika mpaka kichwani. Sauti yake ikakatika, na ya aliyemfuata ikakatika, lakini wa nyuma hawakuwa wameona kitu, nao waliendelea kuimba kwa furaha kule chini ya kona, mpaka mmoja baada ya mwingine akatokeza na kunyamaza.

Baba hakuwaambia neno. Angewatukana ingekuwa nafuu yao. Tumsifu alivua koti akalitupa majanini, akashika mti wa machela, na wengine wakashika. Suti zikalowa matope siku ile, tena sana, wala haikuwa na faida kwa mtu. Elirehema naye alitaka kushika. Lakini alikuwa na kombe mikononi, na hakuona mahali pa kuliweka, kila mahali ni matope. Akasimama akigeuka huku na huku nalo. Mwisho akafuata nyuma ya maiti, amelikumbatia, mpaka juu. Tulipomlaza Mama Nanzighe kitandani pake, kombe nalo liliingia chumbani. Ahadi yake aliitimiza.

Mnadhani kanisa lilijuta? Kesho yake, Jumapili, mwinjilisti alilipokea kombe madhabahuni na vigelegele vikapigwa. Jumatatu tukazika. Kwaya iliimba kaburini, na watu walipokuwa wanarudi makwao niliwasikia wakisema, "Lakini wameimba!"

Elirehema ndiye peke yake aliyesimama, wiki chache baadaye, ibadani, bila kuitwa. Akasema, "Nimewafundisha kwamba nikifurahi mimi, Mungu naye anafurahi. Nimejichunguza. Sikuwahi kumwuliza. Nilijiuliza mwenyewe, nikajijibu mwenyewe, nikaweka jina lake chini." Mzee mmoja akamwambia aketi, asilete huzuni nyumbani mwa Bwana. Mnaona? Neno lake mwenyewe lilimrudia.

Aliacha kufundisha kwaya. Akawa wa kwanza kufika kila baragumu lilipolia, mpaka barabara ilipochimbwa, naye ameshakuwa mzee. Bega lake lilikuwa na sugu ngumu kama kisigino. Watu husema alitubu, na huenda alitubu, hilo ni lake na Mungu wake. Mimi ile sugu niliiona. Na kaburi la Mama Nanzighe ninaliona kila nikienda kuchota maji. Kimoja hakikufuta kingine.

Wewe binti unayetikisa kichwa, najua unachotaka kuuliza. Unataka kuuliza kama kuimba ni dhambi. Nani kasema? Hata mimi naimba. Wangeimba huku wamebeba, leo ningekuwa ninawasimulia hadithi nyingine, na Mama Nanzighe angekuwa na wajukuu wa ubatizo humu ndani. Alichowaomba hakikuwa kunyamaza. Aliwaomba mabega, nao walitoa kile ambacho kukitoa kulikuwa kunawapendeza wao, wakakiita sadaka.

Kombe lile mnalijua. Ni hilo lililoko kabatini sakristia, mnalolifuta vumbi wakati wa Pasaka na kulipigia picha.

Sasa nendeni. Magugu ya bibi kizee wa bondeni yamefika dirishani, na mgongo wake haukunjuki. Mkimwimbia atawashukuru, ana adabu zake. Mama Nanzighe naye alianza kwa kushukuru. Ninyi sikilizeni atakachosema baada ya asante, mtazame na mikono yenu imeshika nini, ndipo mtajua kama mzee wa kanisa aliwatukana au aliwahurumia.

Wimbo hauteremshi mgonjwa.