Kitanda cha Mabosi Wengi

Hapo zamani, kabla kila mtu hajawa bosi, palikuwa na karakana ya useremala njiani kuelekea Lushoto, na bosi wake alikuwa mmoja tu, Mzee Shebughe.

Neno lenyewe si la kwetu. Waholanzi walikuwa nalo, wakimwita hivyo mkuu wa kazi. Wenye Kiingereza wakaliazima, sisi tukaliazima kwao, na mpaka leo hakuna aliyerudisha. Nanyi mnajua kitu cha kuazima kinavyotumika.

Aliyelitumia kuliko wote ni Senkondo, fundi wa pale, mwenye mkono mzuri na mdomo mzuri zaidi. Aliona Mzee Shebughe akiitwa bosi anakuwa mpole. Akawaza, kwa nini nimpe mmoja tu? Mteja akiingia, "Karibu, bosi." Mama Chausiku, muuza chai wa mlangoni, akaitwa bosi, na andazi la Senkondo likawa kubwa kuliko ya wenzake. Hata punda wa kubeba mbao aliitwa bosi, ila yeye neno halikumpanda kichwani.

Siku moja akaja Mzee Ndaro na binti yake, Sikudhani. Binti anaolewa Ijumaa, baba anataka kitanda cha mninga. Senkondo akazitazama mbao. Mbichi, zimepasuliwa juzi tu. Moyo ukamwambia asubiri. Lakini akisubiri atalaumiwa, na lawama Senkondo hakuzipenda hata kidogo. Akaenda kuuliza.

"Bosi, mbao mbichi. Nichonge au tusubiri?"

Mzee Shebughe alikuwa anasikiliza redio. Mninga aliujua tangu ujana, ila kuinuka kwenda kuutazama ndiyo ilikuwa kazi. "Mwenye kitanda ni mteja," alisema. "Akikubali, chonga."

"Bosi, mbao mbichi. Nichonge au tusubiri?"

Mzee Ndaro hakuwahi kuitwa bosi maishani mwake. Akajiweka sawa, akagonga ubao kwa kidole kama mtu anayejua anachosikiliza. "Chonga."

"Bosi, mbao mbichi. Unaonaje?"

Mama Chausiku alikuwa anamimina chai, hakuona chochote. "Chonga, baba. Zitakaukia humo humo ndani."

Sikudhani akaweka kiganja juu ya ubao. "Fundi, mbona wa baridi na unyevu hivi?"

"Hayo waachie mabosi, mwanangu," alisema Senkondo, akachukua randa. Alichonga kwa roho nyeupe, maana ruhusa anazo.

Kitanda kikapendeza, harusi ikapita. Mbao zikakauka polepole, viungo vikalegea. Siku mama mkwe alipokuja kumtembelea Sikudhani, alikaribishwa chumbani, akakaa, na kitanda kikamlaza sakafuni miguu juu. Hakuumia. Lakini mashangazi walikuwepo, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima unasema bibi harusi kaja na kitanda cha kuangusha wakwe. Sikudhani alilia mpaka sauti ikakauka.

Baba na binti wakarudi karakana na ubao uliovunjika. Mzee Shebughe akautazama, akazima redio. "Senkondo, funga vifaa vyako uende."

Senkondo hakuwa na kwingine kwa kwenda; ujana wake wote uliishia kwenye vumbi la pale. "Niliuliza," alisema. "Niliuliza kila bosi, na kila bosi akasema chonga."

"Mimi nilikutuma kwa mteja," alisema Mzee Shebughe. "Bosi ni anayelipa."

"Mimi nalima mahindi," alisema Mzee Ndaro. "Uliponiita bosi, nikajibu nilivyodhani mabosi hujibu."

"Na mimi ni bosi wa birika," alisema Mama Chausiku. "Lakini wewe, Senkondo, uliyejua zile mbao ni mbichi, siku ile ulikuwa unatafuta jibu au unatafuta wa kumtwisha?"

Senkondo akainamisha kichwa. Alijua alichokuwa anatafuta.

Basi neno bosi likabaki pale karakana halina mwenyewe. Senkondo akamgeukia Sikudhani, sauti imemshuka. "Mwanangu, aibu imekuangukia wewe. Sema nani achonge kitanda kipya, na kama mimi niende au nibaki. Leo bosi ni wewe."

Sikudhani akautua ubao miguuni pake. "Siku ile nilipouliza," alisema, "mbona hukuniita hivyo?"

Akaondoka, akawaacha wanatazamana, na Senkondo randa mkononi, hajui aifunge au aishike.

Msinitazame mimi, mimi msimulizi tu. Nawauliza ninyi, mabosi wangu mliokaa hapo: je, ni nani aliyestahili kufunga vifaa vyake?