Samli ya Mlalo na Injini ya Bondeni

Oili ya mlimani hailindi chuma cha bondeni. Methali hii ilianza hivi, na msikilize vizuri, maana jana mliisikia mkutanoni, yule bwana aliyetuletea mbegu alipoambiwa hivyo, nanyi mkacheka kwa kufuata wenzenu. Leo mmekuja kuuliza chanzo chake. Mmefanya vyema, kuuliza si ujinga.

Huko Mlalo, juu ya milima ya Usambara, alikuwapo fundi mmoja aliyeitwa Shekiondo, mwendesha mashine ya kusaga mahindi. Mlalo ni baridi, na mwezi wa sita ukungu hukaa mpaka saa nne. Siku hizo oili ndani ya injini ilikuwa inaganda hadi hendeli ya kuwashia haizunguki. Kwa hiyo kila alfajiri watu wa mashine walitia makaa kwenye karai, wakalisukuma chini ya tumbo la injini, wakangoja oili ilainike, na wenye mahindi wakaota moto huohuo. Shekiondo ndiye aliyeukomesha mtindo huo. Aliacha oili nzito, namba arobaini, akaanza kutia nyepesi, namba ishirini, na injini ikawa inawaka papo hapo. Jina lake likavuma. Kwa miaka kumi na tisa hakuna injini iliyomfia mkononi, naye akaamini, kama mtu yeyote angeamini, kwamba mambo ya oili ameyamaliza.

Binti yake, Sikudhani, alikuwa ameolewa bondeni, mbele ya Mombo, katika kijiji cha wakulima wa mpunga. Mwaka mmoja mvua zilikatika mpunga ukiwa ndiyo kwanza unatoa masuke. Wanakijiji wakapata injini kuukuu ya kuvuta maji mtoni, lakini hawakuwa na mtu wa kuitunza. Sikudhani akasimama mkutanoni akasema baba yake yupo, na akiishika yeye, mpunga utaiva. Mwenyekiti wao, Mzee Mbwambo, mtu asiyependa maneno mengi, alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Akasema anayo. Kwa hiyo injini ikifa, mpunga wa kijiji kizima umekufa, na Sikudhani hana pa kuuweka uso wake.

Shekiondo akateremka na mkoba wa spana, kopo la samli kwa ajili ya bintiye, na madumu mawili ya oili namba ishirini. Pale Mombo dukani aliiona arobaini ikiuzwa, akaipita. Alisema oili nzito namna ile ni ya kupaka kwato za ng'ombe.

Siku ya kwanza alfajiri injini iliwaka mara moja. Maji yakajaa mferejini, watu wakapiga vigelegele. Saa sita, mshale unaoonyesha msukumo wa oili ukaanza kushuka. Saa nane ukalala kabisa, na ndani ya injini kukaanza kugonga, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi akiogopa kuwasumbua wenyeji. Shekiondo akaizima. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakuta oili imejaa, wala hapakuwa na tone lililovuja. Jioni akaiwasha, ikaenda vizuri. Kesho yake saa nane, mambo yakawa yaleyale.

Mwanzoni alikasirika. Akailaumu dizeli, akabadilisha chujio, akatoa oili yote na kutia nyingine mpya kutoka kwenye madumu yake. Mchana injini ikagonga. Hapo hasira ikamwisha, likabaki swali, na swali hilo lilimnyima raha ya kula. Alfajiri injini ni nzima, mchana ni mgonjwa, jioni ni nzima tena. Ni ugonjwa gani huo unaojua saa?

Siku ya nne majani ya mpunga kule mwisho wa mfereji yalianza kujikunja. Mzee Mbwambo akapeleka ujumbe kwamba kama hadi kesho injini haijafanya kazi mchana kutwa, watafungulia ng'ombe mashamba wale kilichobaki. Sikudhani alimletea baba yake chakula cha mchana pale mtoni, akakaa bila mzaha wake wa kawaida. Alifungua kopo la samli ili ammiminie kwenye wali, akaliinamisha, akasita.

"Baba, samli yako imekuwa maji."

"Imeharibika?"

"Ni nzima. Ulipokuja nayo ilikuwa ngumu, kijiko kinasimama. Huku asubuhi inalainika, mchana naimimina kama chai. Kila ukiniletea ni hivyohivyo. Samli ya nyumbani haijawahi kusimama mchana wa huku."

Shekiondo alilitazama lile kopo, kisha akaitazama injini. Akaacha wali ukipoa, akamtuma mkwewe kwa baiskeli Mombo akalete oili arobaini. Ilipofika, akaomba vibakuli viwili, akatia ishirini katika kimoja na arobaini katika kingine, akaviweka juu ya bati linalochomwa na jua. Akangoja, kisha akachovya msumari huku na msumari kule na kuining'iniza. Ishirini ikatiririka yote, msumari ukabaki karibu mkavu. Arobaini ikashuka polepole na kuacha utando. Akachovya tena. Akasugua kila moja kwa kidole gumba na cha shahada, akafumba macho ili asikie vizuri. Alisahau kabisa kwamba ana njaa.

Mzee Mbwambo alimkuta ameinama hivyo.

"Fundi, watu wanangoja maji, wewe unaonja michuzi?"

Shekiondo akainuka. Kukiri kosa ukweni si jambo jepesi, na wakulima walikuwa wameshakusanyika.

"Mzee, injini yenu haina kosa. Nimekosea mimi. Vyuma vya ndani havitakiwi kugusana, na cha kuvitenganisha ni utando wa oili. Hii niliyokuja nayo, kwenye jua lenu inakuwa maji, inaviacha visagane. Arobaini kwenye joto hili inakaa kama ishirini inavyokaa kwenye ukungu wa kwetu. Nilikuja na namba, nikasahau kuuliza jua."

"Kwa hiyo oili yako ni mbovu."

"Si mbovu, Mzee. Kwetu inafaa sana. Ila oili ya mlimani hailindi chuma cha bondeni."

Akaitoa ile ishirini mbele yao. Ndani yake zilimeta chembe za chuma, akaziona, na moyo ukamuuma kweli. Akatia arobaini. Kesho yake saa nane kijiji kizima kilikuwa mbele ya ule mshale, Sikudhani amechuchumaa karibu kuliko wote. Mshale ukatikisika, ukashuka kidogo, ukasimama. Injini haikugonga. Maji yakaenda mchana kutwa, na hivyo hivyo hadi mavuno.

Lakini majaruba matatu ya mpunga, yale ya mwisho wa mfereji, maji hayakuyawahi, yakakauka. Moja lilikuwa la Sikudhani. Hakumwambia baba yake, Shekiondo alikuja kulisikia kwa wengine siku ya kuondoka, wanakijiji walipompa dumu la arobaini kama heshima. Alilipokea kwa mikono miwili, akamkabidhi bintiye. Akasema kule Mlalo lingemrudisha kwenye makaa, na huku ndiko lilikokuwa likihitajika tangu siku ya kwanza.

Sasa mrudieni yule bwana wa jana. Hakuna aliyesema mbegu zake ni mbaya. Aliulizwa tu kama zimewahi kuota kwenye udongo huu, akajibu zimefanya vizuri sana kwingine. Ndipo yule bibi kizee mliyemcheka, mwenye jaruba mwisho wa mfereji, akainuka akamwambia: oili ya mlimani hailindi chuma cha bondeni. Yeye ndiye Sikudhani.