Karakana ya Moshi

Kimambo alikuwa tajiri wa kuwekeza kwenye kampuni changa za teknolojia. Akishasikia wazo lako anakunyima mtaji, kisha analitengeneza mwenyewe.

Chiku alimpelekea wazo la programu ya simu ya kugundua maziwa yaliyotiwa maji. "Nipe milioni hamsini, tumiliki nusu kwa nusu."

"Nani anaweza kuitengeneza?"

"Karakana moja tu, iko Moshi. Namba yao hii hapa."

"Wazo lako halina soko, binti. Nenda salama."

Mlango ulipofungwa tu, Kimambo akapiga ile namba. Mama mwenye sauti ya mafua akapokea. "Milioni hamsini, baba, na nusu ya programu ni yetu."

"Natuma sasa hivi! Ila kuna binti anaitwa Chiku, asijue."

"Hatasikia kwangu, baba."

Pesa zilipoingia, Chiku aliondoa leso mdomoni, akashuka ngazi za ofisi ya Kimambo, akaenda kumtafuta mchora vibao amwandikie jina la karakana.