Bibi Ndeshi Aomba Jembe

Hoteli ile ilijengwa kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu ya Olmotonyi, mahali ambapo zamani palikuwa na shamba la kahawa. Mwekezaji hakukata miti ila michache. Nyumba ziliezekwa kwa nyasi, taa ziliwaka kwa umeme wa jua, na mboga za wageni zilichumwa bustanini hapo hapo.

Huko ndiko Irine, mfanyakazi wa kampuni moja ya utalii mjini Arusha, alikompeleka mama yake, Bibi Ndeshi, kwa siku tatu. Tangu afiwe na mumewe na kuhamishwa kutoka kihamba chake, shamba la migomba la ukoo huko Machame, hadi nyumbani kwa Irine, kata ya Sokon I, mama huyo alikuwa akinyauka kama ua lililokatwa. Hali, halali, hasemi. Daktari alimpima asione ugonjwa; akashauri apumzike.

Siku ya kwanza alikandwa miguu kwa mafuta. Siku ya pili aliletewa supu ya maboga kitandani; akaonja vijiko viwili, akageukia ukuta. Irine alijifungia bafuni akalia, maana aliona mama anamponyoka.

Asubuhi ya tatu, Irine akiwa bado usingizini, Bibi Ndeshi alitoka nje pekupeku. Bustanini alimkuta Namelok, msichana mtunza bustani, akipalilia migomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani alikufundisha kuacha machipukizi saba kwenye shina moja? Yatanyang'anyana chakula, usipate hata mkungu mmoja wa maana. Lete jembe nikuonyeshe."

Namelok alishtuka. "Mama, hapa mgeni hashiki jembe. Meneja akituona, kazi sina."

"Siku mbili nimebebwa kama yai. Nihurumie."

Namelok akampa.

Irine alipowakuta, mama alikuwa na udongo hadi magotini, akisimulia jinsi marehemu mumewe alivyowahi kuangukiwa na mkungu wa ndizi mbele ya wakwe zake. Wanawake wale walicheka hadi machozi. Irine hakukisikia kicheko kile. Aliona aibu tu.

"Wewe dada! Unamlimisha mama yangu mgonjwa? Nakwenda kukushtaki!"

"Mwache," alisema Bibi Ndeshi, akiegemea mpini. "Kwako ulininyang'anya ufagio, Irine. Ukaninyang'anya na mwiko. Kila siku pumzika mama, pumzika mama. Mtu akipumzishwa kila siku, anajua kinachosubiriwa."

Maneno hayo yalimchoma Irine kama mwiba. Kabla hajajibu, meneja Reginald alifika mbio, amevutwa na kelele.

"Namelok! Nani amempa mgeni jembe?"

Namelok aliinamisha kichwa.

"Ni mimi," Irine akadakia. "Mimi ndiye niliyeomba apewe. Na kama lipo la pili, naliomba."

Meneja alivitazama viatu vya visigino vya Irine, akaenda kulileta.

Mchana huo Bibi Ndeshi alimaliza sahani nzima, akaagiza nyingine, kisha akalala bila kubembelezwa. Irine aliketi kando yake, akayatazama malengelenge viganjani mwake mwenyewe, akakiri moyoni kwamba wahenga walikuwa wakimhurumia mgeni waliposema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.