Kinu cha Mize na Siwatu

Tegeni masikio, hadithi ipite. Mize alikosa: jumbe wa upande wao aliposhinda uchaguzi, alimwimbia vijembe Siwatu, jirani wa upande ulioshindwa aliyekuwa akitwanga naye kinu kimoja.

Kisha mjukuu wa Mize akaugua, akawa hali ila uji. Mize akatwanga peke yake, unga ukawa majivu. Akatwanga na dadaye, majivu. Akatwanga na mke wa jumbe, majivu matupu! Kinu kikanena: "Siitaki michi ya upande mmoja."

Mize akaenda kwa Siwatu. "Shoga, nilikukosea. Nisamehe. Mtoto ana njaa."

"Leo umeishiwa nyimbo?" Siwatu akacheka, akachukua mchi wake. "Haya, twende."

Wakatwanga kwa kupokezana, unga ukatoka mweupe, mtoto akanywa uji akashiba.

Nawe msikilizaji, kabla hujalala, mwombee dua yule uliyemnunia.