Nani Awe Mwana wa Bi Mwanamvua?

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema. Ni zamani ya juzi tu, watu wameshajua kutia hewa ndani ya mitungi, wakaibeba mgongoni na kushuka nayo chini ya bahari. Mwenye kukohoa akohoe sasa. Hadithi hii ina maiti ndani yake, na mimi sipendi kelele mbele ya maiti.

Palikuwa na wapiga mbizi wanne waliotoka huku kwetu, kwenye bahari ya joto, wakaenda kusini kabisa, kwenye bahari ya baridi, kuchuma chaza. Wa kwanza aliitwa Chande, Mzaramo. Wa pili Mihayo, Mnyamwezi aliyejifunza bahari ukubwani. Naye alikuwa mtani wa Chande, kama mnavyojua Wazaramo na Wanyamwezi. Wa tatu Faki, Mpemba, mtu wa maneno machache. Wa nne Mosi, binti wa Jambiani, aliyekulia kwenye kilimo cha mwani na aliyejua kushona na kuziba kila kitu kinachovuja.

Na alikuwako Bi Mwanamvua, mama yake Chande. Alikuwa mjane, na Chande alikuwa mtoto wake wa pekee, basi alimfuata mwanawe mpaka huko kwenye baridi. Yeye ndiye aliyewapikia. Wote wanne walikula sinia moja, na wote wanne walimwita Mama.

Sasa niwaambie habari ya bahari ile. Huku kwetu ukizama unamwona mwenzio kwa mbali, hata rangi ya kaptula yake unaiona. Kule sivyo. Kule maji ni ya kijani, baridi yake inaingia mpaka kwenye meno, na mwani wa kule si huu wetu wa kuanika juani. Ni msitu. Shina moja ni nene kama mkono wa mtu, limeng'ang'ania mwamba chini kabisa, na majani yake yanaelea huko juu. Bahari ikivuta pumzi, msitu mzima unalala upande huu. Ikishusha pumzi, msitu mzima unalala upande ule.

Wenyeji wakawafundisha. Wakawaambia: "Msishuke na suti yenye tundu. Mkishuka, fungamaneni mikono wawili wawili kwa ugwe, kijikamba kifupi, na mwenzio akionyesha ana baridi, pandeni papo hapo. Na wewe unayebaki kwenye boti umeshika kamba, ukivutwa, usivute. Peleka boti kwanza mpaka juu yao, kamba isimame wima, ndipo uvute."

Wakaitikia, "Tumesikia." Kuitikia hakuna gharama. Nani kati yenu hajawahi kuitikia?

Basi siku moja ya mapumziko bahari ilitulia. Chande akasema, "Kila siku tunachuma chaza ukingoni tu, kama watu wanaochungulia harusi dirishani. Leo nataka kuingia ndani ya msitu ule. Sichumi kitu. Nataka kuona tu."

Akaenda kwa Mosi kuchukua suti yake ya mpira, maana ilipasuka kwapani na Mosi alikuwa ameitia gundi asubuhi ile ile.

Mosi akasema, "Gundi haijakauka. Subiri kesho."

Chande akasema, "Kesho bahari itachafuka. Nakuomba, Mosi."

Mosi akasema, "Haijakauka, Chande."

Chande akasema, "Nakuomba. Na Mama usimwambie kama ilipasuka, atanizuia mlangoni."

Mosi alikuwa anampenda. Hakuna aliyejua, na Chande mwenyewe sidhani kama alijua. Akaiangalia suti, akamwangalia Chande, akampa.

Wakatoka na boti. Faki alibaki juu, ameshika kamba ambayo ncha yake ilifungwa kiunoni kwa Chande. Chande na Mihayo wakafungamana ugwe mikononi, wakashuka.

Laiti ningeweza kuwapeleka huko, jamaa. Mihayo alisimulia baadaye kwamba hajaona kitu kama kile tangu azaliwe. Jua lilipenya katikati ya majani likashuka vipande vipande, rangi ya asali, na kila kitu kikawa kinayumba taratibu, shina na jani na samaki, hata wao wenyewe. Sili mmoja, yule mnyama wa bahari ya baridi, akaja akawatazama usoni, akageuka chali, akaenda zake. Hapakuwa na sauti isipokuwa pumzi zao. Mihayo alisema, "Nilimwona Chande amefungua mikono kama mtu anayepokewa kwao." Naamini Chande alifurahi. Nashukuru kwamba alifurahi.

Kisha gundi ikaachia.

Maji yakaingia kwapani, yakatambaa kifuani na mgongoni. Chande akajikumbatia, akaanza kutetemeka. Sasa hapo inanibidi nirudi nyuma kidogo. Kila siku, kwenye sinia, Mihayo alikuwa akimtania: "Mzaramo wewe, ukiona barafu kwenye glasi unatafuta blanketi!" Na Chande alikuwa akijikumbatia, anagonganisha meno, anajiangusha mkekani, watu wanavunjika mbavu. Hata Bi Mwanamvua alikuwa akicheka mpaka anajifuta machozi kwa kanga. Kwa hiyo kule chini, Mihayo alipomwona mwenzake anajikumbatia na kutetemeka, alifanya nini? Alicheka. Akamtikisia kidole, akageuka, akaendelea mbele, akimvuta kwa ugwe.

Chande akaona mtani wake haelewi. Akaishika kamba ya kiunoni, akaivuta mara tatu.

Faki juu akaisikia. Hakusinzia, hakuchelewa, msimsingizie. Aliisikia mara moja, na kwa kuwa alikuwa mtoto wa Pemba, na kwao kamba ikivutwa mtu anavuta kwa nguvu zake zote, alivuta kwa nguvu zake zote. Alisahau boti. Aliambiwa, naye aliitikia, lakini mikono yake ilikuwa na mafunzo ya zamani kuliko masikio yake. Kamba ilikuwa imezunguka mashina. Badala ya kumpandisha Chande, ilimburura ubavu ubavu mpaka katikati ya mwani. Ugwe ukakatika. Mwani ukamfunga miguu, ukamfunga mtungi, ukamtoa mpira wa kupumulia mdomoni. Mtu mwenye vidole vyenye uhai angeurudisha. Vidole vya Chande vilikuwa vimekufa kwa baridi.

Mihayo aligeuka akaona ugwe unaelea peke yake. Alirudi, alitafuta, alikata mwani kwa kisu kama mwendawazimu, akampata, akapanda naye juu. Walimpulizia, walimsugua, walimwita jina lake. Chande hakuitika.

Walipokaribia nchi kavu, Mosi na Bi Mwanamvua walikuwa uani wanapeta mchele. Mosi aliona boti inakuja na watu wawili tu ndio waliokaa. Ungo ukamponyoka.

Wakamzika. Mnajua kwamba katika mazishi, kazi ya mtani ni kutania: huzuia jeneza njiani, husema "hapiti mtu hapa mpaka nipewe changu," na wafiwa hucheka kidogo katikati ya kilio. Siku ile jeneza la Chande lilipita mbele ya Mihayo, na Mihayo hakufungua mdomo. Wazee wa kwetu waishio kule waliona, wakatazamana.

Walipotoka makaburini, Bi Mwanamvua akawaita wote watatu. Akauliza, "Mwanangu amekufa kwa mkono wa nani?"

Faki akasema, "Kwa mkono wangu, Mama. Nilivuta kabla ya kupeleka boti."

Akangoja laana. Bi Mwanamvua hakulaani. Akamtazama Mihayo. Mihayo akatazama mkeka. Akamtazama Mosi. Mosi akatazama mkeka. Bi Mwanamvua akasema, "Haya," akaingia ndani.

Ikafika siku ya kuanua matanga. Watu wa kwetu waishio kule wamejaa uani, na Bi Mwanamvua akatoka, akasimama mlangoni kwake. Akasema:

"Nisikilizeni. Katika ukoo wetu, babu yangu hakuwahi kutoza ng'ombe wala fedha kwa mtu aliyeua bila kukusudia. Alisema mtu hulipwa kwa mtu. Mimi nimebaki peke yangu kwenye nchi ya watu. Sitaki kisasi. Aliyenipotezea mwana, yeye ndiye awe mwanangu. Aache kwao, aingie humu ndani, anichotee maji, anisikilize nikiota vibaya, na siku yangu ikifika anizike. Hao wengine wawili nimewasamehe duniani na akhera. Lakini wasikanyage kwangu tena, kwa sababu kila nikiwaona nitamwona Chande, na moyo wangu hauwezi. Mmoja nitamzoea. Watatu sitaweza. Haya, semeni. Nani?"

Watu wakageuka kuwatazama wale watatu.

Mihayo akasimama. "Mama, ni mimi. Alinionyesha ana baridi, nikamcheka. Laiti ningepanda naye pale pale, Faki asingevutwa kamba, na kamba isingemfunga. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa bado nanyonya. Sikujua mtu kuniuliza kama nimeshiba mpaka nilipokaa kwenye sinia lako. Kosa ni langu, na mimi sina kwingine."

Bi Mwanamvua akasema, "Mbona siku ile ulinyamaza?"

Mihayo akasema, "Niliogopa laana yako."

"Na leo huogopi?"

Mihayo akalia.

Mosi akasimama. "Mama, ni mimi. Suti ilipasuka, nikaiziba, nikajua haijakauka, na bado nikampa. Suti ingekuwa nzima, baridi isingemgusa, Mihayo asingekuwa na cha kucheka, Faki asingekuwa na cha kuvuta. Mwanzo wa yote ni mkono wangu. Na nilimpenda, Mama, ndiyo maana nilishindwa kumnyima."

Bi Mwanamvua akasema, "Na wewe mbona siku ile ulinyamaza?"

Mosi akasema, "Aliniomba nisikwambie kama suti imepasuka."

"Hata alipokwisha kufa?"

"Hasa alipokwisha kufa. Ndilo jambo la mwisho aliloniomba."

"Na leo umemvunjia ahadi."

"Leo nimeivunja, ili usije ukamchukua mtu ambaye si mwenye kosa."

Faki alikuwa amekaa. Akasimama polepole. "Mama, mimi nilishasema. Suti mbovu ilimtia baridi, lakini baridi haikumuua. Alikuwa hai wakati ananivuta kamba. Mihayo alimcheka, lakini kicheko hakikumuua. Alikuwa hai wakati ananivuta kamba. Mimi ndiye niliyemwingiza kwenye mwani. Aliniita nimwokoe, nami nikamnyonga. Sikusema ili nipate mama. Mama ninaye, yuko Pemba, mzee, ananingoja, na mimi nikiingia humu sitamwona tena. Laiti ningekuwa na uongo mzuri ningeusema. Lakini umeuliza mkono wa nani. Mkono ni huu."

Akaunyosha. Bi Mwanamvua akaushika mkono ule, akaupindua, akautazama kiganjani, ambapo kamba ilikuwa imemchuna ngozi alipokuwa akivuta. Aliushika kwa muda mrefu. Kisha akauachia.

Waliokuwa uani wakaanza kubishana. Mzee mmoja akasema kosa ni la yule aliyekuwa karibu zaidi na kifo, yaani Faki. Mwingine akasema kosa ni la aliyejua kabla, yaani Mosi. Mwanamke mmoja akapiga kelele kwamba kosa ni la mtani, maana utani una mipaka, na mwingine akamjibu kwamba basi tulaumiwe sote tuliokuwa tukicheka, kuanzia na mama wa marehemu. Palepale pakawa pazito, hakuna aliyemtazama Bi Mwanamvua. Naye akasema tu, "Ni kweli. Nilicheka." Wakabishana mpaka adhana ya alasiri, na wengine wakaondoka bila kuaga.

Nakuona wewe uliyekaa pale, mdomo umeshauchongoa, unataka kunijibu. Subiri. Ukimtaja Faki, umemchagua msema kweli, na kuna mama mwingine Pemba ambaye hakumkosea mtu, nawe umemnyang'anya mwana ili umpe mwenzake. Ukimtaja Mihayo, umempa yatima nyumba. Lakini ndiye aliyenyamaza kosa lilipokuwa laana, akasema kosa lilipogeuka mlango. Ukimtaja Mosi, umemrudishia mama mtu aliyempenda mwanawe. Lakini kila asubuhi Bi Mwanamvua ataamka amtazame yule aliyejua. Na usiniambie awachukue wote watatu. Ameshasema hawezi, na yeye ndiye aliyefiwa, si wewe.

Bi Mwanamvua ameshakitandika kitanda cha Chande kwa shuka safi. Amekaa kizingitini, anangoja. Wale watatu wamesimama uani, na hakuna hata mmoja anayetaka kuambiwa kwamba hana kosa.

Je, nani aingie? Na wale wawili, ni nani kati yenu atakayewaambia waende zao?