Aliyemleta Mkawasi

Sogeeni karibu, mnyooshe miguu, maana habari hii ni ya miguu, na inamtaka msikilizaji aliyetulia.

Katika mji mmoja wa tambarare, chini ya milima ya Taita, waliishi watu watatu wenye vipaji. Wa kwanza aliitwa Saru, muuza viatu vya mitumba, na kipaji chake kilikuwa macho. Ukitembea kutoka lango la soko hadi kwenye turubai lake, alikuwa ameshajua mguu wako upi ni mkubwa na uzito wako unalalia upande gani.

Wa pili aliitwa Lenjo, fundi viatu, na kipaji chake kilikuwa mikono. Kiatu kilichomuumiza mtu mpaka akataka kukitupa, Lenjo alikipapasa ndani taratibu kama anayetafuta mwiba, na kikitoka kwake kinavalika.

Wa tatu aliitwa Nyambu, mchungaji wa ng'ombe wa watu, aliyekuwa mkimbiaji siku za ujana wake. Kipaji chake kilikuwa mwendo. Alijua mlima unapanda wapi, unamlegeza mtu wapi, na wapi unamvunja.

Watatu hawa hawakuwa marafiki. Walijuana kwa sura tu, kama watu wa mji mmoja wanavyojuana. Aliyewakutanisha ni Mkawasi.

Mkawasi alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Kutwa nzima alisimama mbele ya masufuria, na jioni miguu yake ilikuwa imevimba hata champali zikaacha alama. Unyayo wa kushoto ulikuwa mkubwa kidogo kuliko wa kulia, tena ulikuwa na kifundo cha mfupa kando ya kidole gumba. Alikuwa mtoto wa pekee aliyebaki kwa baba yake, Mzee Mwakio. Kaka yake, Maghanga, alifariki kwa maradhi akiwa bado hajaoa.

Kulikuwa na jambo ambalo Mkawasi hakupenda kulizungumza. Zamani, barabara ilipokuwa haijafika kijijini kwao, mama yake alizidiwa. Mkawasi akaondoka mbio na viatu vipya vya ngozi, alivyokuwa amevinunua kwa kuvutiwa na rangi yake. Vilikuwa vizuri, na vilikuwa vinabana. Hajafika nusu ya mlima, visigino vilikuwa vimechubuka, soksi zimeloa damu. Akavivua, akaenda pekupeku juu ya mawe makali hadi nyayo zikamshinda, akaketi kando ya njia akilia. Alipofika nyumbani kesho yake, alikuta watu wanaosha majembe. Mama alikuwa ameshazikwa.

Basi msimu wa mvua kubwa, shangazi yake, Manga, alimpigia simu akiwa jikoni.

"Baba yako anakuulizia," alisema.

"Mpe simu nimsikie."

Shangazi akaiweka simu kwenye sikio la mzee. Mkawasi alisikia pumzi tu, nzito, ikienda na kurudi.

"Hasemi na simu," shangazi akasema. "Anataka mtu. Njoo, mwanangu. Lakini ujue mlima umeporomoka, barabara imefukiwa, hakuna gari linalopanda. Itabidi upite njia ya zamani ya miguu."

Mkawasi aliomba ruhusa, akakimbilia sokoni na vazi lake la jikoni. Alifika kwa Saru akihema, akaokota raba nyekundu zilizokuwa mbele.

"Nifungie hizi, dada. Nataka kuondoka."

Saru hakuzigusa. Alimtazama miguu, kisha akamtazama usoni. "Unakwenda wapi?"

Mkawasi akamweleza.

"Ukitoka sasa, giza litakukuta msituni, na njia imelowa," Saru akasema. "Kuondoka ni alfajiri. Basi rudi jikoni umalize kazi yako, uje jioni. Mguu wa sasa hivi si mguu utakaopanda nao mlima. Ukishasimama kutwa utatanuka, na huo ndio tutakaoupima."

Mkawasi alikasirika. Alidhani anapuuzwa. Lakini alirudi jikoni, na jioni alipokuja alikuta wauzaji wenzake Saru wameshafunga mizigo na kuondoka. Saru peke yake alikuwa bado ameketi juu ya gunia lake. Akamsimamisha kwenye kipande cha boksi, akachora miguu yote miwili kwa makaa, kwa kuwa mguu ukikaa hewani hudanganya na ukibeba mwili husema kweli. Akachagua viatu kwa kufuata ule wa kushoto, uliokuwa mkubwa. Akambonyeza mbele ya kidole gumba kuona kama pana nafasi ya upana wa kidole, akakipinda kila kiatu kuona kama kinakunjika pale vidole vinapokunjika, akamwamuru aende na kurudi mara nyingi. Alivikataa viatu vyote vya kwenye turubai. Mwishowe akafungua mfuko aliokuwa ameuweka chini ya gunia, akatoa raba za kijivu, pana kwa mbele, zenye soli nene inayong'ata ardhi.

"Hizi nilimwekea mwanangu," alisema. "Anakimbia mashindano ya shule. Nilizitafuta muda mrefu."

"Siwezi kuzichukua."

"Mwanangu atakimbia na za zamani. Yeye baba yake yu mzima." Saru akampa. "Ila mguu wa kulia utacheza ndani, na hilo sijui kulitengeneza. Nenda kwa Lenjo kabla hajalala."

Lenjo alikuwa ameshafunga kibanda. Alikuwa na jipu kwenye kidole cha mkono wa kulia, amekifunga kitambaa, na mkewe alikuwa amemkataza kushika sindano. Mkawasi alimkuta uani kwake anakula. Aliposikia habari aliuacha ugali, akanawa.

"Vaa, utembee," akasema.

Mkawasi akatembea. Kisigino cha kulia kilikuwa kinapanda na kushuka ndani ya kiatu.

"Hapo ndipo malengelenge yanapoanzia," Lenjo akasema. "Si kiatu kinachobana tu kinachoumiza. Na kinacholegea kinasaga."

Akakichukua kipande cha ngozi laini ya mbuzi alichokuwa akikitunza, akakishona kwa ndani nyuma ya kisigino. Akakata unyayo wa pili wa kiatu kutoka blanketi kuukuu, akauweka kwenye kiatu cha kulia peke yake. Kisha akakipapasa kile cha kushoto, akakuta mshono mgumu mahali penye kile kifundo cha mfupa. Akaufumua, akaushona upya kwa nje. Kila sindano ilipopita alikaza meno. Mkewe alisimama mlangoni akimtazama. Alipomaliza, kitambaa cha kidoleni kilikuwa kimelowa.

"Pole, fundi," Mkawasi akasema.

"Wewe ndiye wa kupewa pole. Nenda ukalale."

Alfajiri Mkawasi alianza njia. Viatu vilimkaa kama vilizaliwa naye, na kwa kuwa vilimkaa, akaanza kukimbia. Alikimbia akiwa na mama yake kichwani. Alikuwa hajamaliza mwinuko wa kwanza alipopita karibu na Nyambu, aliyekuwa akiwatoa ng'ombe zizini.

"Mama," Nyambu akamwita, "mbona unakimbia mlima kama unakimbia uwanja?"

"Baba yangu anakufa."

Nyambu akatembea kando yake. "Ukikimbia hivyo utaanguka kabla ya kileleni. Njia ya zamani imekatika mahali pawili. Unaijua ya kuzungukia?"

Mkawasi hakuijua.

Nyambu aligeuka akawatazama ng'ombe. Hawakuwa wake, na mwenye ng'ombe alikuwa mtu asiyesamehe. Akawarudisha zizini, akafunga lango, akachukua fimbo yake.

Alimtembeza kwenye kupanda, akamkimbiza kwenye tambarare. Kila Mkawasi alipotaka kuharakisha, yeye alipunguza, na kila alipotaka kukaa, yeye hakusimama. Walipoanza kushuka bonde alimwambia afunge upya kamba, azikaze juu karibu na kifundo, ili mguu usiteleze mbele na kucha zikagonga. Kwenye kijito walivuka maji ya mapajani, viatu wamevishika mkononi, na ng'ambo Nyambu akatoa soksi zake kavu mfukoni akampa. Mahali njia ilipokatika alimpitisha juu, kwenye kichaka, akimshika mkono. Nyambu mwenyewe alianguka mara moja, akagonga goti. Hakumruhusu Mkawasi amwangalie.

Walifika jua likiwa bado juu ya mgomba wa uani.

Mzee Mwakio alikuwa amelazwa karibu na dirisha. Macho yake yalikuwa hayaoni tena. Mkawasi alipiga magoti, akauweka mkono wa baba yake shavuni.

"Baba, ni mimi."

Mzee aliupapasa uso ule kwa muda mrefu, paji, pua, kidevu. Machozi yakamtoka. "Umekuja," akasema. "Nilidhani mlima utakuzuia tena."

"Haukunizuia."

"Ni nani aliyekuleta?"

Mkawasi alifungua kinywa ajibu. Alikuwa bado anahema, na alikuwa na majina matatu ya kusema, akatafuta aanze na lipi. Baba yake hakungoja.

"Aliyekuleta," akasema, "awe wa kiume, awe wa kike, nampa mahali pa Maghanga. Atie udongo pamoja nawe. Manga, umesikia?"

"Nimesikia, kaka," shangazi akajibu.

Basi walikaa hivyo, mkono juu ya shavu, wakizungumza kidogo kidogo: habari za mama, habari za Maghanga alipokuwa mdogo. Jua lilipotua, mzee alikuwa amekwenda.

Sasa sikilizeni desturi ya ukoo ule. Baba akizikwa, wanawe wawili ndio wanaotangulia kutia udongo, konzi moja kila mmoja, kabla ya mtu mwingine yeyote. Anayetia udongo ni mtoto wa nyumba ile. Ataitwa kwenye kila ugonjwa na kila harusi, ataketi jikoni bila kualikwa, na siku yake ikifika atalazwa katika ardhi ile. Konzi haigawanywi, na hakuna wa tatu. Mkawasi alikuwa na fungu lake tayari, kwa kuzaliwa. Lililobaki lilikuwa moja.

Siku ya maziko barabara ilikuwa imezibuliwa kidogo, na watu walipanda kutoka tambarare. Saru alikuja. Mwanawe alikuwa ameshindwa mashindano, na hakulitaja mpaka alipoulizwa. Lenjo alikuja, mkono umefungwa hadi kwenye kifundo, maana lile jipu lilikuwa limepanda. Nyambu hakuwa ameondoka. Habari ilikuwa imemfikia kwamba ng'ombe wamepewa mchungaji mwingine.

Kaburini, shangazi Manga alisimama akaeleza maneno ya marehemu, kisha akamwuliza Mkawasi, "Ni yupi?"

Mkawasi akaeleza yote, tangu sokoni hadi kitandani. Kisha baba yake mdogo, Kubo, akasema:

"Marehemu aliuliza nani aliyekuleta. Kuleta ni kuja na mtu. Nyambu ndiye aliyeingia na wewe mlangoni. Hawa wengine walibaki mjini."

"Bila viatu, angekuja na nani?" shangazi Manga akamjibu. "Nyambu alimkuta njiani tayari ana viatu. Siku ya mama yake njia alikuwa anaijua, na hakufika, kwa sababu ya viatu. Saru ndiye aliyemnyima vile vibaya akampa vya mwanawe. Safari ilianzia pale."

Jirani mmoja, mama mtu mzima, akasema polepole, "Viatu vya Saru vilikuwa vinalegea, na mwenyewe alikiri. Vingemsaga kisigino kabla ya kile kijito. Lenjo alishona na kidole kibovu, na hata leo hatujui mkono ule utaponaje. Wenzake wametoa kitu walichokuwa nacho. Yeye ametoa mkono unaomlisha."

Wakageuka kuwatazama watatu wenyewe.

Saru akasema, "Mimi nilitoa viatu. Viatu vinaweza kupatikana. Mpeni Lenjo."

Lenjo akasema, "Mimi nilifanya kazi yangu, nikalala kwangu. Nyambu hakulala kwake. Mpeni yeye."

Nyambu akaegemea fimbo yake. "Mimi sina ndugu," alisema. "Nikisema napataka mahali hapo, nitakuwa nimesema kweli. Lakini ninajua nilimkuta anakimbia, na asiyekuwa na viatu vinavyomkaa hakimbii. Siwezi kusema ni mimi."

Kubo akanong'ona kwamba basi Mkawasi atie peke yake, konzi mbili. Shangazi Manga akatikisa kichwa. Neno la mtu aliyekufa haliachwi chini, na mahali pa Maghanga hapawezi kuachwa patupu.

Mkawasi aliinama, akachota udongo kwa mkono wa kulia. Ulikuwa mwekundu, na bado una unyevu wa mvua. Akasimama ukingoni akiwatazama watatu wale: mwanamke aliyemnyima viatu vyekundu, mwanamume mwenye mkono uliofungwa, na mwanamume mwenye goti lililochubuka. Aliwapenda wote kwa upendo mmoja, na hilo halikumsaidia. Watu walikuwa wanangoja. Mawingu yalikuwa yanarudi mlimani, na jeneza limeshashushwa.

Akanyoosha mkono wa kushoto, mtupu, ili amwite mmoja aje asimame kando yake.

Nanyi mliokaa hapa mkasikia kila kitu tangu mwanzo, wakubwa kwa wadogo: kama mkono ule ungekuwa wenu, mngemwita nani, na wale wawili waliobaki mngewaambia nini?